Kuhusu Mdogo Wangu Asiyesikia Ngoma ya Shule

Nam Định, tarehe 9 Novemba

Kwa Mwalimu Doãn Khải,
Msimamizi wa Timu ya Wanafunzi Wenye Vipaji

Mwalimu wangu, shikamoo.

Kipindi cha mwisho kinapokwisha, ngoma ya shule yetu hupigwa mara tatu: dum, dum, kisha kimya kidogo, kana kwamba mpigaji ameghairi, halafu dum. Niliondoka hapo miaka tisa iliyopita na bado naisikia. Naisikia kupitia dirishani, maana ndivyo nilivyoisikia miaka minne mizima: wenzangu wanatoka mbio, viatu vinachapa ngazi, nami nimekaa na timu yako ya hisabati, kalamu mkononi.

Sasa mdogo wangu Miên, wa darasa la nane, yumo katika chumba kilekile. Wiki iliyopita nilimuuliza ngoma ya kutoka hupigwa mara ngapi. Akafikiri sana. Akasema, "Dada, hiyo iko kwenye mtaala?"

Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Wanafunzi wa timu wamesamehewa zamu ya kufagia darasa ili wasipoteze muda. Mwezi uliopita mwenye zamu aliugua, na Miên akapewa ufagio kwa mara ya kwanza. Alisimama nao katikati ya darasa akisubiri swali lisomwe. Rafiki yake wa zamani, Lụa, akamwambia mbele ya watu, "We bingwa wa mkoa, huo ufagio hauna kipeuo cha pili. Fagia!" Darasa zima lilicheka. Miên alikuja nyumbani akaniuliza kwa nini ilichekesha. Nilimweleza kwa hatua tano. Nasema "rafiki wa zamani" kwa sababu hawajagombana. Wamekosa tu nafasi ya kuonana.

2. Mama muuza maharage matamu pale getini anawajua watoto wote wa shule kwa majina, na anajua nani hapendi nazi. Miên amempita miaka miwili. Siku nilipompeleka mwenyewe, mama yule akamuuliza, "Haya mwanangu, nikupe ya aina gani?" Miên akauliza jibu sahihi ni lipi.

3. Hili ndilo lililotuaibisha. Katika kumbukumbu ya kifo cha babu, shangazi alimtuma Miên apange wageni kwenye masinia ya chakula, watu sita kila sinia, kama ilivyo desturi. Wageni walikuwa ishirini na watano. Miên alichukua karatasi, akathibitisha kwamba haiwezekani, akapigia jibu mstari. Wageni wote walibaki wamesimama, supu ikapoa. Shangazi akatoka jikoni: "Sasa mwanangu, si uwaambie wasogee tu!" Mwalimu, mdogo wangu ana medali mbili za fedha, na hajui kwamba watu husogea.

4. Amesahau kuchoka. Nikimuuliza kama amechoka, hutazama saa kwanza.

Kwa hiyo naomba shule ianzishe Programu ya Kukuza Ukawaida, kwa wanafunzi wenye upungufu mkubwa kama huu. Naipendekeza kwa dhati, na nimeifikiria kwa kina kuliko inavyofaa.

Mtihani wa mchujo ufanyike uwanjani, dakika arobaini na tano, bila swali lolote. Atakayetoa daftari atolewe. Mafunzo yawe ya kufagia, kusogea, na kununua maharage bila kujiandaa. Kwa ngazi ya juu: kukaa na rafiki bila sababu, somo ambalo mimi nimelianza nikiwa na miaka ishirini na tatu na bado nashindwa. Majina ya watakaofaulu yaandikwe kwenye lile bango jekundu la washindi pale getini, ambako jina langu lilikaa miaka mitatu hadi mvua ikalifuta.

Kuhusu Miên, sikungoja jibu lako. Nilijaza fomu ya kumtoa kwenye timu. Mama aliiweka siku mbili chini ya sahani ya chai. Akasema, "Wewe si ulitoka humohumo ukapata chuo kikuu?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Na rafiki je, nilipata?" Akaniomba kalamu. Fomu iko mezani kwako tangu juzi, imetiwa sahihi.

Nisalimie mkeo, walimu wote wa hisabati, mlinzi wa geti, na kwa namna ya pekee yule mzee mpiga ngoma, ambaye sikuwahi kumwona uso.

Aliyekuwa mwanafunzi wako, naye anakuheshimu bado,

Khúc Uyên Vy

N.B. Leo nilikwenda getini kumsubiri. Ngoma ilipolia mara ya tatu, Miên alitoka mbio na wenzake, mkoba wazi, kiatu kimoja hakijafungwa, anacheka na Lụa kwa jambo ambalo hakuhitaji kuelezwa. Nililia, Mwalimu. Alifika getini wa nne. Wa nne, na waliomtangulia ni wafupi kuliko yeye. Nimeshazungumza na mwalimu wa riadha na nimeshamchorea ratiba: anaanza Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri.