Seremala Asiyekuwepo na Benchi la Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Jicho Kavu wangu, unayechungulia shajara za watu, leo nimechemka! Wiki nzima nasoma kwenye simu, sasa najua: Yesu hakuwahi kuishi. Hadithi tupu! Nikawatangazia karakanani. Mzee Randa, bosi wetu, akaacha kupima mlango. Nilidhani atanitisha na moto wa jehanamu. Wapi! Kilichomuuma ni kazi. Eti seremala mmoja tu ndiye aliyefika mbali duniani, na mimi mpiga msasa namfuta! Gundi, mwanagenzi mwenzangu anayemganda bosi, akacheka mpaka maranda yakamwingia puani. Yamkae hukohuko.

Acheke tu. Alhamisi Mzee anatoa benchi la kuranda la marehemu mjomba wangu, aliyekuwa fundi hapa. Atakayepewa ndiye fundi. Na ni langu: mjomba alimwambia mama kabla hajafa.

Jumanne, 4 Machi

Nimewapa sheria: asiyeandikwa na watu baki waliomwona kwa macho, hakuwepo. Wafuasi hawahesabiki. Mtu akikupenda atasema chochote! Mwalimu wa historia, mteja wetu, alikuja kuchukua kiti. Akaniambia taratibu kwamba wanahistoria wengi, hata wasio na dini, wanakubali mtu huyo aliishi; ubishi ni kwenye miujiza. Eti mfuasi mmoja ameandika kwamba alikutana na ndugu wa Yesu. Nikafoka: ndugu ni shahidi gani? Ndugu ni ndugu! Akabeba kiti chake, akaondoka. Nimeshinda! Gundi kasema aliyeshinda ni kiti, maana kimepata pa kukimbilia. Nilitaka kumrushia nyundo.

Alhamisi, 6 Machi

Hasira! 

Nilisimama kwa adabu zote, nikamwambia Mzee kwamba mjomba aliacha neno, benchi nirithi mimi. Gundi, kwa upole wa paka, akauliza kama marehemu aliandika. Hapana. Nani alisikia? Mama. Mama ni nani wake? Dada yake. Mzee akajikuna kidevu kwa penseli, akasema basi, dada ni dada, au siyo?

Halafu akanihurumia. Eti niseme tu kwamba neno la aliyempenda mtu lina uzito wake, benchi nilichukue palepale. Sentensi moja! Lakini Gundi ananitazama vile, meno nje? Nikavimba. Nikapiga kelele kwamba msimamo ni msimamo, na kwa ushahidi uliopo, hata mjomba hakuwepo!

Mama alikuwa mlangoni, kaniletea chakula.

Alirudi nacho.

Jumamosi, 8 Machi

Mama hasemi nami. Asubuhi nimekuta picha ya mjomba mezani, sahani hakuna. Nilitaka kusema picha siku hizi zinatengenezwa. Nikameza. Gundi yuko dirishani, kwenye benchi LANGU alilopewa yeye, anaranda mbao huku anapiga mluzi. Mzee kanirundikia miguu ya viti nipige msasa, kasema nikimaliza niende nikamwangukie mama.

Nimewaza sana, Jicho Kavu. Kosa langu nimelijua: nilianza na mtu mgumu. Jumatatu naanza na Nuhu! Safina nzima ile, misumari alitoa wapi? Hapo Mzee atanyoosha mikono, na benchi atanipa mwenyewe. Ungekuwa wewe, ungeanza na misumari au na mbao?