Mratibu wa Nyumba Namba Tatu

Kwa heshima na taadhima, ilitangazwa kwa kipaza sauti kuanzia Ilembo hadi Mwamkulu kwamba shida za wazee na watu wenye ulemavu wa Mpanda zingefikia kikomo rasmi siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi. Nyumba kumi za bati jekundu zilikuwa tayari Misunkumilo, kila moja na kitanda, choo cha ndani, na njia ya kiti cha magurudumu. Njia hiyo ilijengwa upande wa nyuma, ambako hakuna mlango, lakini ilikuwa njia nzuri sana.

Msimamizi alikuwa Bwana Gervas, Mratibu wa Makazi Stahiki, mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye viatu vya kung'aa na huruma kubwa kwa wanyonge, hasa wakiwa kwenye karatasi. Yeye ndiye aliyebuni utaratibu. Mwombaji afike mwenyewe ofisini, ghorofa ya pili, athibitishe kwamba hajiwezi. Waliofika walikuwa wamepanda ngazi, kwa hiyo wanajiweza. Ambao hawakufika, hawakuomba. Mwisho wa mwezi Gervas aliandika taarifa kwamba uhitaji umetokomezwa kwa asilimia mia moja, akaenda kula kuku kwa amani.

Aliyemsumbua kidogo ni Bibi Athanasie wa Mwamkulu. Mvua zilikuwa zimeangusha ukuta wa nyumba yake, akawa analala kwenye banda la mbuzi wa jirani, na mguu wake mmoja haukunjiki. Alianza kupanda ngazi saa mbili. Alifika saa tano.

"Karibu, bibi," Gervas alisema akitazama saa. "Umepandaje?"

"Kwa kukaa, baba. Nakaa, najivuta, nakaa tena."

"Lakini umefika."

"Nimefika."

"Basi hongera! Maendeleo yako yanaridhisha." Akamgongea muhuri: ANAJIWEZA.

Bibi aliutazama ule muhuri. "Na kushuka je?"

"Kushuka kuko nje ya mradi."

Wiki hiyo hiyo simu ikapigwa. Mgeni rasmi kutoka makao makuu atakuja kuzindua nyumba, na daktari, na kamera, na angependa kusalimiana na wakazi. Wakazi! Kikaitishwa kikao cha dharura. Zakia, msaidizi wa Gervas, alishauri wawaite wale wazee waliogongewa muhuri.

Gervas alishtuka. "Dada Zakia, wale wanajiweza. Unataka tumdanganye mgeni?"

Ili kuepuka udanganyifu, watumishi wakaamua kulala vitandani wao wenyewe. Kila mmoja alipewa shuka, fimbo, na unga wa mahindi wa kupaka nywele. Gervas alichukua nyumba namba tatu. Mlinzi aliyepangiwa kulala namba kumi alikimbia asubuhi, akisema anaogopa kuugua kweli.

Mgeni rasmi akaja, akamshika Gervas mkono, machozi yakamlengalenga. "Mzee wangu, unasumbuliwa na nini?"

Gervas hakuwahi kufanya kazi nusu nusu. Alitaja mgongo, figo, macho na kusahau. Daktari aliandika vyote, akauliza jina. Wenzake walikuwa wametaja majina ya babu zao. Gervas, kwa mazoea ya kuongea mbele ya kamera, alitaja lake lote, la baba yake na la ukoo. Papo hapo akaandikiwa cheti cha kutojiweza cha kudumu: asifanye kazi yoyote tena, apumzike.

"Na Mratibu wenu yuko wapi?" mgeni aliuliza. "Sijamwona."

Zakia, aliyekuwa akimtembeza mgeni, alimtazama mzee wa kitandani. Mzee akafumba macho.

"Kwa sasa hatuna, mheshimiwa."

"Basi kuanzia leo ni wewe."

Kitanda kililia kwi. Hakuna aliyegeuka.

Nyumba namba kumi walimkuta Bibi Athanasie ameketi chini mlangoni, barua ya kuukatia rufaa ule muhuri mkononi.

"Hapa anakaa nani?" mgeni akauliza. Watumishi wachache ambao hawakuwa vitandani wakatazama bati.

"Ni mimi, baba," Bibi alisema, "mlango ukifunguliwa."

Mgeni alimkabidhi ufunguo mwenyewe. Bibi aliingia, akajilaza kitandani na viatu vyake, akakataa kuamka hata kwa ajili ya picha.

Asubuhi iliyofuata Gervas alinawa unga, akavaa suti, akaenda kazini. Meza ya Mratibu ilikuwa imeshushwa hadi uwanjani. Watu wenye magongo walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na Zakia alikuwa anaandikisha majina kwa nyumba zilizobaki.

"Zakia, ondoka kitini kwangu," alisema. "Mimi ndiye Mratibu."

Zakia alifungua faili, akasoma alichoandika daktari, akaishia kwenye neno la mwisho: kusahau. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kisha akainuka, akamshika kiwiko taratibu, akapaza sauti kama anamsemesha kiziwi:

"Pole, babu! Umekuja na nani?"