Shemeji Wangu, Binti wa Ziwa

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimegundua chuo chenye kiburi kuliko mama mkwe. Chuo Kikuu cha Mwambao, kile kipya kule chini karibu na ziwa. Hakitaki alama peke yake! Eti lengo lao ni kuwahudumia watu wa mwambao, kwa hivyo nusu ya nafasi ni za vijana waliolelewa ufukweni, na nusu nyingine ni za watu waliowahi kuwafanyia wenzao jambo la maana. Na kila mwombaji lazima ahojiwe. Ijumaa hii.

Vyuo vingine vina maneno mazuri yaliyochorwa getini. Yanapendeza, hayamsumbui mtu. Hawa wameyaamini ya kwao. Aibu tupu.

Shida ni shemeji yangu Nakhumicha, mdogo wa mke wangu Maximilla. Anataka kusomea afya ya jamii hapo hapo, si kwingine. Alama anayo, ana B. Lakini ametoka Kimilili, mbali na ziwa, mwaka juzi tu. Uhusiano wake na ziwa ni kula omena, wale dagaa, tena akinung'unika.

Bahati yake anaishi kwangu. Mimi nina saiba, duka la intaneti, hapa Migosi na nimewajazia vijana wa mtaa huu maombi ya chuo mpaka kibodi imefutika herufi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, Shemeji nipo. Amesema wasiwasi ndipo unapoanzia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanzisha shirika. Limechukua asubuhi moja. Marafiki wa Ziwa Lenye Afya. Mwenyekiti, Waliaula. Katibu, Nakhumicha. Wanachama, wengi sana. Muhuri una picha ya samaki. Fundi wa mihuri alikuwa na samaki au ng'ombe.

Mchana tukaenda ufukweni kumpiga katibu picha aking'oa magugu maji. Katibu akagoma! Akasema hawezi kupigwa picha ya kazi ambayo hajaifanya. Nikaamua kumwonyesha inavyofanywa.

Magugu maji ni kitu cha hila. Ukiyatazama ni uwanja wa mpira. Nikapiga hatua ya uenyekiti. Hakuna uwanja! Nikazama hadi kifuani. Wanawake waliokuwa wakiparua samaki walicheka mpaka mmoja akalazimika kuketi, kisha wakanivuta kwa kamba kama mtumbwi mbovu. Gambuti moja limebaki huko. Picha pekee tuliyopata ni ya kofia yangu ikielea. Nimeandika chini yake: Kazi inaendelea.

Jumatano, 6 Agosti

Habari mbaya. Jirani yetu Rehma naye ameitwa kuhojiwa! Rehma muuza chapati! Mama mzima mwenye wajukuu. Nilienda kwake kuomba chumvi, yaani kupeleleza. Akanipa chumvi, akanipa na chapati, akanieleza kila kitu kabla sijauliza. Huyu ni mtu hatari.

Eti chuo kinapokea hata watu wazima. Eti yeye na Nakhumicha waende tu wakaeleze ile habari ya tangi.

Ah, tangi! Mwaka jana ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilishikwa na tumbo la kuhara. Mtoto wa chumba cha mwisho alikaribia kufa. Hawa wawili wakapanda kwenye tangi la maji, wakatoa panya aliyeoza, wakalisugua, kisha wakazunguka mlango kwa mlango kulazimisha watu kuchemsha maji. Mimi nilikuwa safarini Sondu kwa shughuli muhimu. Shughuli ilianza siku watu walipoanza kuhara, ikaisha walipopona.

Nimemwambia Nakhumicha habari hiyo haifai. Tangi si ziwa. Halina samaki. Lina panya, na hata panya mwenyewe alishatolewa. Tena ataonekana anamfuata Rehma kama mkia. Maximilla akasema kutoka jikoni nimwache mtoto aseme yake. Nikamjibu kwamba ukweli ni wa watu wasio na mpango.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa pili. Ikiwa Nakhumicha hakulelewa ufukweni, basi atalelewa leo.

Nimeenda Otonglo, nikampata Mama Aloo, muuza nyanya mwenye sauti ya kuaminika. Kesho atakuwa bibi yake. Atasema alimchukua akiwa mchanga, akamlea kwa samaki na sala. Nami nitamchapishia bango la kibanda. Akakubali haraka mno. Akauliza kama anaruhusiwa kulia. Nikasema kidogo. Akasema kidogo hajui.

Nakhumicha sijamwambia. Mtu akishangaa huonekana mkweli. Nimemfundisha tu salamu za Dholuo ili awafurahishe wakubwa. Wakimsalimu ajibu "ber ahinya", vizuri sana. Ameshika upesi.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku chafu! Nilijificha nyuma ya pazia la ukumbi, nikawa nachungulia.

Mwenyekiti wa jopo ni Daktari Ogola, mama mpole wa kutisha. Alimuuliza Nakhumicha kwa Dholuo kwao ni wapi. Nakhumicha akadhani ni salamu. Vizuri sana, akajibu. Akaulizwa amelelewa na nani. Vizuri sana. Wanajopo wakatazamana.

Mama Aloo akaona nyumba inaungua. Akaingia na kilio. "Nyakwara! Mjukuu wangu! Nilimtoa ndani ya ziwa kwa mikono hii!"

Hatukukubaliana hivyo! Kufumba na kufumbua kukawa na kiboko, na dhoruba, na malaika. Daktari Ogola akangoja amalize, akamuuliza kwa upole mjukuu anaitwa nani. Mama Aloo akageuka. Akanitazama. Nikachezesha midomo: Na-khu-mi-cha.

"Nakuru," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka ili nisijulikane. Nakhumicha hakucheka. Alinitazama, na kwa kitambo kidogo nilitamani niwe tena kwenye magugu maji. Akasimama.

"Mimi ni Nakhumicha, wa Kimilili. Huyu mama simjui. Yule aliyejificha nyuma ya pazia ni shemeji yangu. Nisameheni. Na mkinifukuza, nifukuzeni kwa yangu, si kwa yake."

Daktari Ogola akamwambia aketi, aeleze ya kwake. Akaeleza. Tangi, panya, mtoto wa chumba cha mwisho. Akaulizwa kama aliogopa. Akasema aliogopa, alitapika, akarudi ndani ya tangi kwa sababu maji yalikuwa bado yananuka. Rehma alikuwa mlangoni akingoja zamu yake. "Mimi nilishika ngazi," akasema.

Nikaona nisipoingilia tumekwisha. Nikatoka kwenye pazia na muhuri. Nikaanza kueleza kuhusu shirika.

"Bwana Waliaula," akasema Daktari Ogola, "nafasi za waliolelewa ufukweni zipo, na huyu hakuziomba. Kwa hizi nyingine hatumtafuti aliyezaliwa majini. Tunamtafuta asiyekimbia maji yakichafuka."

Sijui kwa nini alinikazia macho mimi. Habari za Sondu alizijulia wapi?

Askari akanitoa nje. Mama Aloo alibaki ndani akipewa chai.

Usiku huu Nakhumicha hasemi nami. Maximilla anasema nami, na hiyo ni mbaya zaidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Ujumbe umeingia kwenye simu. Amepata! Rehma pia!

Nakhumicha aliusoma, akausoma tena kwa sauti, akaketi sakafuni katikati ya saiba na kulia mbele ya wateja. Kisha akakimbia. Nikafungua mikono. Akanipita! Akaenda kwa Rehma, na vigelegele vikasikika mpaka barabarani. Chuo kinahitaji mlezi wa kutia sahihi, "yeyote isipokuwa shemeji". Wameandika hivyo hivyo, bila haya.

Jioni alikuja polepole, akaniambia, "Shemeji, ungenipotezea maisha." Nikamwambia nimemsamehe.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefikiri sana. Jopo lilipenda nini hasa? Ukweli? Ukweli umejaa mtaani, hauna soko. Kilichowagusa ni kuungama! Mtu anafichua udanganyifu mbele ya watu wote. Sasa, bila mimi Nakhumicha angekuwa na nini cha kufichua? Chuo kizima kimeingia kwenye mpango wangu bila kujua.

Nimebandika tangazo jipya mlangoni: Hapa tunaandaa maungamo ya kuingia chuo. Mteja wa kwanza amekuja kabla gundi haijakauka. Anaitwa Waswa, kiongozi wa vijana kanisani, amejitolea hospitalini tangu akiwa shule. Maskini, hajawahi kumdanganya mtu. Ningemwacha aende hivyo angeaibika.

Nimemtungia uongo mmoja mzuri wa kuungama. Anaukariri pale kwenye kompyuta ya dirishani, na kila akifika mahali pa kusema ukweli, anakosea.