Mchele wa Wasio na Kazi

Serikali ya Mfalme, kwa huruma yake isiyo na kifani, iliamua mwaka ule kuwalisha wenye njaa wa delta ya Rufiji, na ili jambo hilo lisije likafanyika ovyo ovyo, ikaanza kwa kulifungulia ofisi. Ofisi iliitwa Idara Ndogo ya Usimamizi wa Watu Wasio na Kazi. Njaa ilikuwa visiwani, majini. Ofisi ikawekwa Kibiti, nchi kavu, kwa sababu Bwana Afisa aliyekabidhiwa kuiongoza alikuwa hapatani na mbu.

Sababu ya watu kukosa kazi ilijulikana vizuri, maana serikali ndiyo iliyoileta. Mikoko ilikuwa imekatwa mno, wakubwa wakaona ipumzike. Mikoko ikapumzika, na wakataji wakapumzishwa nayo, wote isipokuwa matumbo yao. Kwa ajili ya matumbo hayo ukaletwa mchele, magunia kwa magunia, ukajaza bohari nyuma ya ofisi na mlango ukatiwa kufuli. Tangazo likasomwa katika kila diko la mitumbwi: mkata mikoko asiye na kazi aende Kibiti, ahojiwe, apewe.

Sadala wa Salale alilisikia tangazo hilo huku shoka lake limeanza kushika kutu. Nyumbani mkewe Mwantumu alikuwa akipika ndiga, mizizi ya porini ambayo lazima uiloweke na kuichemsha na kumwaga maji yake tena na tena, la sivyo itamlevya mtoto. Mtoto wao Zaidi alikuwa amekonda shingo, na kila Sadala alipoitazama shingo ile roho ilimuuma. Akapiga kasia mpaka bara, akashika njia ya Mtunda, akafika Kibiti miguu imemvimba.

Mezani alikuwapo karani Muhidini, mtoto wa nyumba ya biashara ya Mohoro, kanzu safi na koti juu yake. Pembeni alikaa Bwana Afisa, ambaye alikuwa ametoka tu kufaulu mtihani wa Kiswahili na hakutaka mtu yeyote asahau hilo. Yeye ndiye aliyetunga utaratibu wa mahojiano. Mwenyeji, aliandika katika taarifa yake, ukimwuliza swali kubwa atakutungia hadithi. Ukweli wake humtoka katika salamu, kabla hajajiandaa. Kwa hiyo salamu ihesabiwe kuwa ushahidi. Dar es Salaam waliisoma taarifa hiyo wakaisifu sana.

"Asalaam aleikum," alisema Sadala.

"Waaleikum salaam," akaitikia Muhidini. "Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Watu wa nyumbani?"

"Wazima."

"Habari za kazi?"

"Nzuri," alisema Sadala, kama alivyosema maisha yake yote, akavuta pumzi aeleze sasa kilichomleta.

Kalamu ya Muhidini ilikwisha kufika mwisho wa mstari. "Ahsante. Mwingine!"

"Bwana Karani, mie sijasema haja yangu."

"Umeshasema. Majibu utaletewa."

Majibu yalipelekwa Mohoro, kwa kuwa katika ramani ya ofisi delta nzima ilikuwa na jina hilo moja tu lililosomeka. Sadala akayangoja Salale, majibu yakamngoja Mohoro, upande wa pili wa delta, na masika yakapita pande zote akiwa bado anangoja. Mwishowe mchuuzi mmoja wa chumvi akaileta barua. Ilisema kwamba mwombaji, kwa hiari yake mwenyewe, amekiri kuwa hali ya kazi yake ni nzuri, na serikali inampongeza.

"Baba Zaidi," alisema Mwantumu, "wewe ulikwenda kuomba ama ulikwenda kujisifu?"

"Kaniuliza habari, nikamjibu."

"Si ungemwambia mbaya!"

"Mbaya? Mtu akusalimu, wee umtupie mbaya, kama huna wazee? Hata msibani twaitikia nzuri, halafu ndiyo twaanza kulia."

Mwantumu akarudi kwenye chungu chake cha ndiga. Asubuhi ile ile, kisimani, walimwuliza hali naye akasema salama, na tangu jana yake alikuwa hajatia kitu kinywani.

Sadala akarudi Kibiti. Safari hii alikuwa amefanya mazoezi njia nzima, akizungumza peke yake hata watu wa Mtunda wakamwonea huruma. Lakini adabu ya utotoni haiondoki kwa mazoezi. Alipoulizwa habari za kazi, ulimi ukamtangulia.

"Nzuri, lakini..."

"Lakini haiandikiki," alisema Muhidini. "Kwenye karatasi hakuna nafasi yake."

"Bwana Karani, wewe ni mtu wa pwani kama mie. Wajua kabisa nzuri hii ni nzuri gani."

Muhidini alijua. Alitazama kiti chake, ambacho kilikuwa na mto, akaona si vema kujua mambo ukiwa kazini. "Kata rufaa. Majibu yatakwenda Mohoro."

"Mie nakaa Salale."

"Ukihama Mohoro, tujulishe kwa barua."

"Mohoro sijapata kukaa!"

"Basi vizuri, hutapata taabu ya kuhama."

Sadala akatoka nje. Upepo ulitoka upande wa bohari, na ukaja na harufu ya mchele. Aliona uchungu mpaka akaketi chini, mtu mzima, mbele za watu.

Idara, kwa upande wake, ilistawi. Waombaji wote wa delta walihojiwa, na wote, walipoulizwa habari za kazi, walisema nzuri. Bwana Afisa akaandika Dar es Salaam kwamba ameichunguza delta nzima bila kumkuta hata mtu mmoja asiye na kazi, na kwamba shughuli za kutowakuta zimemwelemea, hivyo apelekewe mashua ya injini na karani wa pili. Badala ya mashua akaja Bwana Mkaguzi.

Watu waliitwa wapange mstari mbele ya ofisi. Mwantumu naye alikuja, Zaidi amemwacha kwa bibi yake. Mkaguzi alikuwa hajaketi bado wakati mwanamke huyo alipotoka mstarini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Afisa!"

"Marahaba, mama," alisema Bwana Afisa, akimtupia Mkaguzi jicho kuona kama anasikiliza.

"Hujambo, bwana?"

"Sijambo sana!"

"Habari za kazi?"

"Nzuri kabisa, mama! Hakuna taabu hata kidogo!" Alilitamka hilo kwa ufasaha uliompatia cheti.

Mkaguzi alikuwa ameisoma ile taarifa ya salamu kwa makini. Hasa ndiyo iliyomleta. Akatoa kalamu.

"Hakuna taabu hata kidogo," alirudia polepole huku akiandika. "Na mashua uliyoomba ni ya nini?"

"Bwana, hiyo ilikuwa salamu tu!"

"Ndiyo. Ushahidi safi."

"Lakini..." alisema Bwana Afisa, na Muhidini, kwa mazoea, akatikisa kichwa kwamba nafasi hakuna.

Hukumu ikatoka papo hapo. Wasio na kazi hawapo, ofisi haina taabu, basi ofisi ifungwe na mchele urudishwe Dar es Salaam. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kucheka, kicheko kikawakauka. Mwantumu akashika kichwa. Alitaka kuwaaibisha, hakutaka mchele uondoke.

"Nimetuua," alimwambia mumewe. "Mdomo wangu huu umetuua."

Mkaguzi akauliza nani atayabeba magunia. Lori lake lilijaa mizigo yake mwenyewe, na barabara ilikuwa tope. Mchele ungebebwa mpaka kwenye mitumbwi, ushushwe kwa mitumbwi mpaka kwenye meli. Fungu la kuwalipa wapagazi halikuwapo. "Kwenu huku wabebaji hulipwaje?"

Sadala akajibu, kwa adabu zake zile zile.

"Kwa desturi, bwana. Mzigo hujilipia. Anayeubeba ana sehemu yake, mtumbwi una sehemu yake, mpiga kasia yake. Maji yakipwa mkakwama, kungoja nako kuna sehemu yake."

Kila neno lilikuwa kweli, ila hakuna mtu aliyewahi kuzidai sehemu zote hizo katika safari moja. Mkaguzi akafurahi. Kuheshimu desturi za wenyeji ilikuwa siasa ya serikali, na haikuigharimu kitu. Akatia sahihi, akamwamuru Bwana Afisa ausindikize mzigo mpaka melini.

Siku ile wakata mikoko wakawa wabebaji, na wake zao wakawa wabebaji pia. Mtunda wakagawana sehemu ya mabega. Pwani wakagawana ya mitumbwi, halafu ya makasia. Na maji, kwa bahati mbaya sana, yalikupwa katika kila mkono wa mto walioingia. Sadala, aliyezaliwa humo, alishangaa kuliko wote. Kila walipokwama, mtu wa kijiji cha jirani alikuja kusaidia kungoja. Bwana Afisa alianza safari amekaa juu ya magunia, mwavuli mkononi, mbu masikioni, akitia sahihi kila mgao kwa kuwa desturi ni desturi. Kadiri walivyoshuka mto, naye alishuka. Karibu na bahari alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye maji ya mtumbwi, juu ya magunia matupu yaliyokunjwa vizuri.

Melini magunia yalipokewa yote, hakuna hata moja lililopungua. Salale, Mwantumu aliepua wali wa kwanza tangu mikoko ipumzishwe, akampakulia Zaidi kwanza, na Sadala akalia mbele ya sahani bila kuona haya.

Taarifa ya mwisho ya Idara iliandikwa na Bwana Afisa kabla hajarudishwa kwao, na wakubwa waliipitisha bila swali. Ilisema kwamba katika uhai wake wote Idara haikupoteza hata punje moja kwa kumpa mtu asiye na kazi. Hilo lilikuwa kweli tupu. Mchele ulipogawiwa, delta nzima ilikuwa kazini, na asiye na kazi alikuwa mmoja tu, yule aliyekuwa akitia sahihi kila mgao.