Goti la Brigitte, Bahasha Yangu

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu
Leo mimi, Darius Sebarenzi, nimeona wivu wa fimbo. Jirani yangu Édouard Kanyamibwa amepata karatasi ya munganga: goti lake bovu. Basi ku salongo, kazi ya pamoja ya barabara, hatashika tena chepe. Atakaa ku kiti, fimbo mukononi, akitupa amri. Na jana nilimuona akifukuza mbuzi mbio mpaka mutoni! Kumbe kituo cha afya hapa Mushaki kimepata masini yenye akili. Unaipa picha ya radio ya goti, inapima nafasi kati ya mifupa, inataja namba. Zero ni muzima, nne ni kwisha kabisa. Muke wangu Brigitte, mama wa Cindy wetu, anachechemea tangu Noeli. Nimemwambia twende wote wawili. Amenishukuru sana, maskini.

Jumanne, tarehe 4
Tumepigwa picha. Kila mutu anapewa yake mu bahasha, kesho anairudisha mwenyewe kwa masini. Brigitte ana maharage ya kupalilia, kaniachia na ya kwake. Nimeziangalia mbele ya dirisha. Goti langu: nafasi ya kupitisha kidole. Lake: mifupa inagusana. Niliwaza sana. Pasta alitufungisha ndoa akisema tumekuwa mwili mumoja. Kama mwili ni mumoja, goti je? Nikatia picha yake mu bahasha yangu, na yangu mu ya kwake.

Jumatano, tarehe 5
Ushindi! Umuhoza, infirmiere, muuguzi wa masini, kanisomea: tatu. Artroze, goti limelika ndani. Nisibebe mizigo, nisipande milima. Brigitte: zero. Anaweza kulima bila hofu. Niliweka uso wa huzuni mpaka nje. Nimejikatia fimbo ndefu kuliko ya Kanyamibwa.

Alhamisi, tarehe 6
Salongo. Nimekaa ubavuni mwa Kanyamibwa. Aliniuliza nimepata ngapi. Yeye ana mbili tu! Akaficha fimbo yake chini ya kiti. Jua tamu. Kisha Brigitte akapita na gunia la viazi mugongoni, kamba ku kipaji cha uso. Gunia hilo huwa nalibeba mimi. Hakunitazama, alitazama njia.

Ijumaa, tarehe 7
Asubuhi Brigitte alipiga magoti kusali, akashindwa kuamuka. Nikamuinua. Nikamwambia apumzike. Akajibu polepole: "Masini imesema niko muzima, Papa Cindy. Basi ni uvivu tu. Uniombee." Akachukua jembe, akaenda.
Nimebaki mu jiko na fimbo yangu, nikalia. Ilikuwa moshi. Hapana, haikuwa moshi.
Nilikimbia mpaka kituo cha afya, fimbo begani. Umuhoza aliniona nikipanda kilima kwa mbio zile, hakuhitaji masini. Nimekiri yote.

Jumamosi, tarehe 8
Brigitte: tatu, na safari hii kwa haki. Amepewa vidonge na mazoezi ya muguu, kisha amekatazwa mizigo na milima. Nikamwambia ukweli. Aliangalia goti langu, kisha la kwake. Halafu akacheka mpaka akashika goti. Akaniomba fimbo. Sasa yeye ndiye anakaa, mimi napalilia. Kanyamibwa alisimama ku njia akaniita Zero, mara tatu. Jina hilo litanifuata mpaka kaburini.

Jumapili, tarehe 9
Brigitte ameingia kanisani na fimbo yangu, wamama wote wakampisha mbele. Nilimuangalia, moyo ukajaa. Kweli nampenda huyu muke. Nimemuahidi sitadanganya tena juu ya magoti.
Lakini mugongo! Safu kumi na mbili za maharage, siwezi hata kufunga kiatu. Na baada ya ibada Umuhoza katangaza kwamba masini sasa imefundishwa kusoma migongo pia. Wangu ni uchovu tu, itasema zero, najua. Kanyamibwa analia mugongo mwaka wa kumi huu.
Pasta amehubiri tupende jirani kama nafsi yetu. Yamenigusa. Nimemwendea Kanyamibwa kwa upole, nikamwambia yaliyopita yamepita. Akapigwe picha ya mugongo haraka, na asijichoshe na goti lile bovu. Bahasha nitambebea mimi.