Kamati ya Nywele Zilizo Safarini

Umma unataarifiwa kwamba suala la nywele za watumishi walio nje ya vituo vyao vya kazi sasa limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi, Othmar, Katibu wa Kamati, ndiye niliyeshika rula.

Tulishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay kwa semina ya siku mbili. Kiongozi wa msafara alikuwa Mkurugenzi wetu, Mzee Bartholomayo. Mtakwimu alikuwa Sekela, binti wa Rungwe mwenye nywele nyingi, nzito, za kujikunja. Kwenye baridi ya Mbinga nywele hizo zilikuwa na nidhamu. Zilipoonja unyevu wa ziwa, zikafura. Kwenye picha ya pamoja, Mkurugenzi alionekana sikio moja tu.

“Sekela, hizo nywele zina kibali cha kusafiri?”

“Shikamoo Mkurugenzi. Chanuo na mafuta nimesahau nyumbani. Na dada anayenisuka yuko Mbinga.”

“Marahaba. Basi hilo ni pengo la kiutendaji.”

Kamati iliundwa kabla ya chai, waraka ukatoka baada ya chai. Nywele zisizidi sentimita tano kutoka kichwani. Atakayezidisha haingii ukumbini, bila kujali cheo.

Nikampima Sekela. Kumi na tisa.

“Kaka Othmar, mchana nasoma ripoti ya visima mbele ya mgeni rasmi! Miezi minne nimetembea vijijini kwa miguu. Akina mama wananisubiri.”

“Ripoti itasomwa na Mkurugenzi.”

“Ameshaisoma?”

“Ataisoma atakapokuwa anaisoma.”

Machozi yakamlenga. Akavuka barabara hadi kibarazani kwa Mama Hedwiga, msusi, akaketi kwenye kigoda.

“Mwanangu, nywele za hivi hazigombezwi,” Mama Hedwiga alisema, akizilowesha. “Zinanyweshwa maji, zinapakwa mafuta, ndipo zinagawanywa taratibu. Nani kakuliza?”

Saa nane mgeni rasmi, Mheshimiwa Matilda, alishuka kwenye boti. Upepo ulikuwa umezitimua nywele zake pande zote. Nikampokea mlangoni kwa heshima zote, nikampima.

“Samahani, Mheshimiwa. Ishirini na mbili.”

“Unanizuia?”

“Waraka ndio unaokuzuia, mama. Mimi ni rula tu.”

Akaisogeza rula kando kwa kidole kimoja.

“Hapa wanasuka wapi?”

Nikamwonyesha. Huduma kwa mteja ni wajibu wetu.

Akaketi kwenye benchi pamoja na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu. Sekela, kichwa kikiwa mikononi mwa Mama Hedwiga, alimwamkia, akajitambulisha, kisha akaisema ripoti yote kwa kichwa, kijiji baada ya kijiji, vyote kumi na vinne. Alipokosea, benchi lilimsahihisha: “Hapana dada, hata kisima cha shuleni kimekufa tangu Pasaka.” Mheshimiwa aliandika. Kisha akampigia simu mhandisi wa maji palepale, akamtaka afike kesho na vipuri, si na maelezo.

Washiriki wakaanza kutoka ukumbini mmoja mmoja kwenda kusikiliza. Mkurugenzi alipomaliza hotuba ya ufunguzi, tulibaki mimi na viti.

“Washiriki wako wapi?”

“Wako kwa msusi, mzee. Na mgeni rasmi pia.”

Akakwapua faili lake, akavuka barabara, akajipenyeza mbele.

“Baba, kuna foleni,” Mama Hedwiga alisema.

“Mimi ni Mkurugenzi!” Akavua kofia apanguse jasho.

Mama Hedwiga akakitazama kichwa chake, kilaini kama yai.

“Pole, baba. Hapa tunahudumia wenye nywele.”

Benchi zima likaangua kicheko. Mheshimiwa peke yake hakucheka.

“Mkurugenzi, kati ya vijiji hivi kumi na vinne, wewe umefika vingapi?”

Mzee Bartholomayo akafungua faili kutafuta jibu. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu: waraka wa nywele.