Kanuni Haikukataza Kudaka

Jumatatu, 7 Oktoba

Maganda mia mbili na kumi na nne kwenye ndoo chini ya meza yangu. Yote ya bastola, yote yanang'aa. Nimeyahesabu mara mbili kwa raha tu. Risasi ikishalia, ganda lake ni shaba nzima. Lisafishe, lipe kiwashio, baruti na kichwa kipya, una risasi nyingine. Anayeliacha chini ni sawa na mtu anayetupa sahani kila akimaliza kula.

Jioni nilifungua bastola kuisafisha, mezani jikoni, juu ya magazeti matatu kama mke wangu Arlene anavyotaka. Tatizo springi. Kifuniko chake kiliniponyoka chini ya kidole gumba, kikaruka, kikagonga taa, kikapotea. Arlene aliendelea kupakua viazi vya kuponda. Akasema nikikikuta kwenye sahani yangu nisimwambie. Alikikuta yeye kwenye sahani yake.

Lakini habari kubwa ni hii: kura ya uanachama wangu ni Jumanne ya wiki ijayo! Mwaka mzima nimekuwa mwanachama wa majaribio katika klabu ya shabaha hapa bondeni. Nahitaji sahihi mbili. Ya kwanza ni ya shemeji yangu Galen, ambaye hutia sahihi chochote. Ya pili lazima itoke kwa katibu, Bi Ruthann Kreider, miaka sabini na moja, ambaye hunishinda kila tunapopambana. Nikiikosa, uwanja mwingine uko ng'ambo ya mlima, na kule walishanifukuza. Kwa sababu ya maganda.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilikwenda uwanjani mapema na pai ya molasi, kulainisha mambo. Bi Ruthann alishukuru, akaifungia kwenye gari lake, akarudi na kile kidude chake. Ni cha kuokotea jozi, zile kokwa ngumu zinazodondoka chini ya miti: tufe la nyaya kwenye mpini mrefu. Analiviringisha nyasini, maganda yanaingia yenyewe, naye kasimama wima kama anayepiga deki. Mimi napiga magoti. Goti la kulia linalia kama bawaba. Kwa dakika kumi yeye alijaza ndoo, mimi nikapata maganda kumi na tisa na kizibo cha soda.

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba baadhi ya yale aliyozoa ni yangu, nimeyapaka alama nyekundu. Akayatazama kwa miwani. Akauliza kama mke wangu anajua rangi yake ya kucha imeishia wapi. Kisha akanirudishia maganda yangu moja moja, yote kumi na mawili, mbele ya watu. "Chukua, mwanangu, usije ukalala na njaa." Mwanangu! Nina miaka sitini na tatu.

Nikagusia sahihi. Akasema tungoje mashindano ya Jumamosi. Anataka kuona ninavyoshika bastola, maana ninavyoshika ndoo ameshaona.

Alhamisi, 10 Oktoba

Pigo. Galen kapiga simu: mashindano ya Jumamosi ni ya kutookota. Hakuna kupoteza muda kuinama. Maganda yote yatafagiliwa jioni, yauzwe, klabu iezeke paa jipya. Kila mshindani ana risasi sitini. Maganda yangu sitini, niliyoyasafisha kwa mikono yangu, yaende kuwa bati!

Sikula chakula cha mchana. Nikatafuta kijitabu cha kanuni. Nimekisoma mara nane. Kanuni ya kumi na moja inasema hakuna mshindani atakayeokota ganda kutoka ardhini.

Kutoka ardhini. Haisemi lolote juu ya hewani! Nimekula chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wavu wangu wa kuvulia samaki mtoni, mkanda wa begi la zamani, nusu saa ya kazi. Sasa nina wavu unaokaa juu ya bega la kulia, mdomo wazi, upande uleule bastola inakotemea maganda. Maridadi kabisa. Nilimwomba Arlene anirushie jozi gerejini ili nijaribu. Nilidaka tisa. Ya kumi ilinipiga sikioni. Anadai ilimteleza.

Akaniuliza, huku akiokota jozi zake, kipi nakitaka zaidi, maganda sitini au sahihi ya Ruthann. Nikamwambia mwanamume mwenye akili anapata vyote viwili. Akaenda zake ndani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nina lengelenge la moto shingoni na naandika nikiwa nimekaa upande.

Asubuhi ilikuwa tamu. Bi Ruthann ndiye aliyesimamia mstari wangu. Aliutazama wavu, akafungua kijitabu, akasoma, akakifunga. Akasema, "Haya, endelea, mvuvi." Watu wakacheka. Waache wacheke. Mzunguko wa kwanza, maganda kumi wavuni. Wa pili, kumi. Nilikuwa nikisikia yanavyoangukiana na moyo ukiruka. Na shabaha nazo nilizipiga, sijui vipi, vizuri kuliko mwaka wote!

Mzunguko wa tatu, ganda la nne liligonga ukingo wa wavu, likaruka, likaingia ndani ya kola. Ganda lililotoka kwenye bastola sasa hivi ni la moto kama kaa. Likateremka mgongoni taratibu, likikagua kila pingili. Nilicheza. Mabega, kiuno, miguu yote miwili, hata goti bovu. Galen anasema hata kwenye harusi yangu sikucheza hivyo.

Bi Ruthann akasema nisimame, kwa sauti ileile anayoombea chumvi. Nikatoa magazini ya risasi, nikaonyesha bastola tupu, nikaiweka mezani mdomo ukielekea kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Ndipo nikachomoa shati. Ganda likadondoka nyasini.

Nikainama nikaliokota.

Mkono ulikwenda wenyewe, naapa! Nikaondolewa mashindanoni palepale. Wavu ukachukuliwa na maganda ishirini na matatu ndani yake. Arlene amenipaka dawa. Kura ni Jumanne. Sina hamu hata ya kuhesabu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nitoke haraka. Galen alitia sahihi kabla hajaombwa. Kisha Bi Ruthann akasimama. Akasema mimi ni mchoyo, ni msumbufu, na pai ilikuwa ya Arlene. Nikachukua kofia yangu.

Akaendelea. Akasema katika miaka hamsini ameona watu wazima wakiingiwa na ganda la moto shatini. Wengine walitupa bastola, wengine waligeuka nayo kuelekea watu. "Huyu Verlin Dunkelberger alicheza mwili mzima, lakini mkono wa bastola haukucheza. Mdomo kwenye tuta, kidole nje ya kifyatulio, mpaka mwisho." Akasema mtu huyo anamtaka kando yake uwanjani. Akatia sahihi. Nililia kidogo, nikasingizia moshi wa jiko.

Sharti ni moja: mwaka mzima mimi ndiye nitakayezoa maganda ya klabu baada ya kila mashindano, yote yaende kwenye paa. Atanikopesha kidude chake cha jozi. Nimemwahidi, kwa moyo wangu wote, kwamba nimekoma.

Jumamosi, 19 Oktoba

Zamu ya kwanza kesho! Bi Ruthann amenipa masharti kwa maandishi: kabla ya kuondoka nitakaguliwa mifuko, kofia, begi na wavu. Nimeyasoma mara nane.

Arlene anauliza kwa nini nimenunua buti kubwa kwa namba tatu kuliko mguu wangu. Nimemwambia uzeeni miguu huvimba. Kila buti linachukua maganda hamsini na mawili, nimejaribu sebuleni. Kilichobaki ni ule mlio ninapotembea. Nimeazima soksi zake za sufu.